Walinzi wa Viota vya Tope

Kulinda viota vya ndege wa majimaji ni kazi ya macho na miguu kabla haijawa kazi ya sheria. Ndege hawa hutafuta chakula kwenye tope na maji ya kina kifupi, na wengi wao hutaga chini. Yupo mmoja wa jamii ya kitwitwi, mweusi na mweupe, mwenye mlio kama nyundo ya mhunzi juu ya fuawe. Kiota chake ni kishimo tu kilichokwanguliwa ardhini, kikatandikwa vijiti na vikokoto. Humo huwa mna mayai, mara nyingi manne, ncha zimeelekea ndani, rangi ya udongo wenye mabaka meusi. Mtu anaweza kusimama hatua mbili tu asiyaone.

Ndiyo maana mlinzi hodari hatafuti mayai, humtazama ndege. Kitwitwi anayepiga kelele mbele ya mtu, au anayeburuta bawa kana kwamba limevunjika, anamvuta adui mbali na kiota. Mlinzi hurudi nyuma, hukaa kimya hadi mzazi arejee kulalia, kisha huweka alama kichwani kwa kichuguu au mti ulio jirani. Jua likiwa kali hakisogelei kiota, kwa sababu mayai yakiachwa wazi huungua. Kulalia huchukua karibu wiki nne, na kwa muda huo wote kazi ni kutokanyaga na kuwazuia wengine wasikanyage. Ni ufundi wa kujizuia, na haujapewa sifa unazostahili. Uholanzi, watu wa kujitolea huchomeka vijiti kando ya viota mashambani ili dereva wa trekta azunguke.

Lakini kiota kisichokanyagwa bado kinaweza kuzama. Turiani, wilayani Mvomero nchini Tanzania, jambo hilo huonekana wazi, kwa kuwa mlima na bonde vinapakana. Juu ni Nguru Kusini, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, penye Hifadhi ya Mazingira Asilia Mkingu. Chini ni miwa ya Mtibwa na mpunga wa Mkindo. Mito ya Diwale na Mkindo huyateremsha maji ya msitu hadi Wami. Ndege wa tope hawazaliani msituni, ila msitu ndio unaowapimia maji: hunywa mvua ya masika na kuitoa polepole. Ukifyekwa, maji hushuka kwa pupa, kisha mto hukauka.

Anayeumia kwanza ni ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi. Kiota chake ni rundo la majani linaloelea. Jike hutaga na kwenda zake kwa dume mwingine. Dume ndiye anayelalia, na vifaranga wakishaanguliwa huwabeba chini ya mabawa, vijiguu vikining'inia nje kama nyuzi. Malezi hayo yote huweza kusombwa na furiko la usiku mmoja.

Kwa hiyo askari wa misitu anayekagua mpaka wa Mkingu analinda pia viota asivyoviona. Sheria ya Misitu ya 2002 inaviruhusu vijiji kushirikiana na serikali katika kazi hiyo, na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukanda huo ukilimwa, nyasi za kuficha vifaranga hutoweka.

Ziwa Natron linathibitisha hayo kwa ukubwa zaidi. Huko huanguliwa sehemu kubwa ya heroe wadogo wote duniani, juu ya vichuguu vya tope vilivyozungukwa na maji ya magadi. Maji yakizidi, viota huzama. Yakipungua mno, fisi huvuka kwa miguu. Mto mkuu unaolijaza ziwa hilo ni Ewaso Ng'iro, unaotoka Kenya, hivyo usalama wa yai moja hutegemea miti ya nchi jirani.

Mkulima wa Mkindo atakayekuta mayai manne ya mabaka pembeni mwa jaruba achomeke kijiti kando yake, amfunge mbwa, na apaache mahali hapo kwa wiki nne.