Kuunga Kamba Iliyokatwa na Mionzi

Shangazi yangu wa Bugarama, kule Ngara, husokota kamba huku akipiga soga, wala haangalii mikono yake. Huchukua ganda kavu la mgomba, akalilowesha kidogo, akalichana nyuzi mbili, kisha akaziviringisha pajani kwa kiganja hadi zikumbatiane. Kamba hiyo hufunga kuni, hufunga mbuzi, hushikilia mgomba uliolemewa na mkungu. Uzi mmoja ukikatika, mzigo hauanguki, maana mwenzake anaubeba mpaka mtu apate wasaa wa kuunga. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, mbuzi yuko shambani kwa jirani.

Kamba hiyo ilinirudia akilini mwaka alioumwa. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, tukaelekezwa hospitali ya Bugando. Tukapita Lusahunga, tukapita Geita, tukavuka Busisi kwa kivuko, kwa kuwa daraja lilikuwa bado nguzo tu majini. Mwanza akapangiwa mionzi mara 25: Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, Jumamosi na Jumapili anapumzika. Siku ya tatu, tukiwa kwenye benchi, akaniuliza: “Mwanangu, kama dawa ndiyo hiyo, si wanipige yote leo nirudi kwenye migomba yangu?”

Nikampelekea mtaalamu swali lake. Akasema ni ili mwili upate nafasi, akaita jina linalofuata. Simlaumu, foleni ilikuwa ndefu. Lakini nafasi ya kufanya nini? Jibu nilianza kulitafuta wiki zilezile, na hata sasa kila nikilirudia naona ufundi ambao hata shangazi angeuvulia kitenge.

DNA nayo ni kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana. Ukiinyoosha ile iliyomo ndani ya seli moja hufika kama mita mbili, nayo imekunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Mionzi ya tiba huingia humo ikirusha elektroni kutoka kwenye atomu. Mara nyingine huipiga kamba yenyewe. Mara nyingi zaidi hupasua maji yaliyo kandokando, na vipande vya maji hayo, vikali kama tindikali, ndivyo vinavyoitafuna. Dozi ya siku moja kwa kawaida ni grei 2. Dozi hiyo, katika kila seli iliyopigwa, huacha mikato kama 2,000 ya uzi mmoja, na mikato yapata 70 ya nyuzi zote mbili.

Ile 2,000 haimtishi mtu. Uzi mzima uliobaki ndio kielelezo: mafundi husafisha palipoharibika, husoma herufi za upande wa pili, hujaza pengo na kufunga. Kazi ya namna hii seli huifanya kila siku hata pasipo mionzi, kwa sababu joto na hewa tunayovuta huila DNA yetu mfululizo. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kuonyesha jinsi marekebisho ya DNA yanavyofanyika.

Mimi nakaa zaidi kwenye ile 70. Hapo kamba imekatika kabisa, ncha mbili zinaelea gizani, na zikipotezana seli inaweza kufa, au ikaziunga na ncha zisizo zake, jambo ambalo ni baya kuliko kufa. Ndani ya sekunde chache tu, pete hujivika kwenye kila ncha. Ni protini iitwayo Ku, na jina hilo ni herufi mbili za mwanzo za jina la mgonjwa wa Japani ambaye damu yake ndiyo iliyowaonyesha watafiti kwamba protini hiyo ipo. Ina tundu katikati, na ncha ya DNA hupenya humo kama uzi kwenye jicho la sindano. Pete ikishakaa, ncha haitafunwi tena ovyo. Kisha pete huita wenzake: mmoja mkubwa wa kuzikutanisha ncha mbili, mwingine aitwaye Artemis wa kupunguza manyuzinyuzi yaliyochakaa, na wa mwisho, ligesi, wa kuzifunga zikafungika.

Wakati huohuo kengele imeshalia. Pande zote za mkato, kwa umbali wa mamilioni ya herufi, protini ambazo DNA imezungushiwa hutiwa alama. Watafiti wakizipaka rangi na kuzitazama kwa darubini huona vitone vya kijani, kila kitone takriban mkato mmoja. Baada ya nusu saa vimejaa. Ukizitazama seli zilezile kesho yake saa kama hiyo, vingi vimezimika. Mikato mingi huungwa ndani ya saa moja au mbili, ile migumu ikadai usiku mzima.

Fundi huyu wa haraka ana dosari, na sitamfichia. Akipunguza ncha anapoteza herufi mbili tatu. Kamba inashika, lakini fundo linabaki. Yupo mwingine, wa taratibu, anayefanya kazi pale tu seli inapojiandaa kugawanyika, wakati kila uzi umeshapata nakala yake pacha. Huyo hakubali kubahatisha. Huuchokoa upande mmoja wa ncha mpaka ubaki uzi mtupu, na BRCA2, protini tunayoisikia sana kwenye habari za saratani ya matiti, huupanga uzi huo kwa vipande vya protini nyingine, RAD51. Uzi huo basi huingia katika nakala pacha na kutafuta, kati ya mabilioni ya herufi, mahali panapofanana nao. Ukipapata, husoma na kuandika upya kilichopotea. Kama mshonaji anayekataa kukata kitambaa kabla hajaona gauni la mfano.

Juu yao yupo msimamizi, p53. Husimamisha mgawanyiko wa seli mpaka matengenezo yaishe, na kazi ikishindikana huiamuru seli ife. Tembo wa Afrika, kama wale wa Burigi-Chato jirani zetu upande wa Biharamulo, wana nakala 20 za jeni yake pale ambapo sisi tuna moja. Watafiti walipozipiga mionzi seli zao mwaka 2015, zilijiua kwa wingi kuliko za binadamu. Tembo hapendi viraka.

Na hapa ndipo swali la shangazi linapojibika. Karibu kila saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV, na virusi hivyo hutengeneza protini inayomwangamiza p53. Seli ya uvimbe haina msimamizi: hukimbilia kugawanyika kamba zikiwa bado wazi. Seli nzima za kibofu na utumbo jirani husimama na kuunga. Kila jioni zinakaribia kurudi zilivyokuwa, za uvimbe zinabaki nyuma kidogo, na dozi ya kesho inazikuta hivyo. Mwaka 1959 watafiti Elkind na Sutton waliigawa dozi moja mara mbili, saa kadhaa zikipita katikati, na seli nyingi zaidi zikapona kuliko zilipopigwa kwa mkupuo. Yote kwa siku moja yangeua uvimbe, na utumbo pia.

Nilimweleza hivyo kwenye benchi wiki ya nne, kwa mfano wa kamba. Akanyamaza, halafu akasema: “Kumbe usiku ninaolala wenzangu wanasokota.”

Ila uvimbe nao ukipewa siku nyingi za bure huota upya, ndiyo maana wataalamu hutaka tiba yote ya saratani hii iishe ndani ya wiki nane. Kwa hiyo, msomaji mwenye mgonjwa Bugando au Ocean Road, usimruhusu arudi nyumbani katikati ya tiba kwa ajili ya mavuno. Kahawa ivunwe na wengine.