Mtazamaji Akipewa Nafasi Ngomani

Mwaka 2017 kundi la The Nest la Nairobi lilitoa "Let This Be a Warning", filamu fupi ya uhalisia pepe iliyoongozwa na Jim Chuchu, mmoja wa waanzilishi wa bendi ya Just a Band. Ndani yake, Waafrika wameihama Dunia na kujenga makazi kwenye sayari ya mbali. Ghafla anatokea mgeni asiyetakiwa, na mgeni mwenyewe ni wewe uliyevaa miwani. Uamuzi huo mmoja ndio ulioibeba kazi: mtazamaji amepewa nafasi, tena ya lawama.

Picha ya nyuzi 360 humnyang'anya mwongozaji silaha zake. Hawezi kukusogezea uso wa mtu, wala mafundi hawana pa kusimama bila kuonekana. Kinachobaki kuongoza macho, zaidi ya yote, ni sauti. Mlio wa kushoto hufika sikio la kushoto kabla ya la kulia, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo hujua upande. Ndiyo maana hutumika maikrofoni yenye vinasa vinne au zaidi, kisha programu huizungusha sauti kinyume cha kichwa: ukigeukia kulia, ngoma iliyokuwa mbele husikika kushoto.

Hata hivyo, filamu ya namna hii hukuachia shingo tu, hadithi haibadiliki. Ili ibadilike, na hadithi yenyewe ikiwa ni ngoma, muziki lazima uvunjwe vipande. Chukua kilumi, ngoma ya Wakamba inayohusiana na mizimu na uganga, ikichezwa Mbumbuni, Makueni. Ngoma zingevuma mfululizo bila kukatika. Mwimbishaji angenyamaza mpaka umtazame. Programu ingesubiri mzunguko wa mapigo uishe ndipo sauti yake iingie, na waitikiaji wadakie. Ukimpa mgongo, wimbo unapungua na ngoma zinabaki peke yake. Wimbo wa kuitana na kuitikiana tayari una mlango wa kumwingiza mtu wa tatu.

Ugumu uko kwenye kurekodi. Kumvalisha mpigaji vipokea sauti vyenye mlio wa kuhesabia ni kuiua ngoma, kwa sababu mwendo wake hupanda na kushuka kwa kuwafuata wachezaji. Heri kundi zima lirekodiwe pamoja kwanza, kisha kila mmoja arudie peke yake akiisikiliza rekodi hiyo, na fundi aweke alama za mapigo kwa sikio lake.

Kabla ya hayo yote, wazee waulizwe ni sehemu gani ya kilumi inaruhusiwa kutoka nje ya uwanja. Na mwandishi ajibu swali ambalo Chuchu alilijibu mapema: aliyevaa miwani ni nani hapo? Asiyekuwa na jibu asikodi kamera.