Ufundi wa Kupunguza Swali

Watu wa Msambweni, Kwale, wamewazoea watafiti. Kuanzia miaka ya 1980, wataalamu wa Wizara ya Afya ya Kenya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, walizunguka vijijini humo wakichunguza kichocho. Baadaye wakaja wa Stanford na maswali yao ya dengi na chikungunya, wakafika hadi Ukunda, mlangoni pa Diani. Mwenyeji akimwona mgeni mwenye faili kwapani, ana haki ya kuuliza: leo ni damu au mkojo?

Mtafiti ninayemsifu hapa hataki damu wala mkojo. Anasomea shahada ya uzamili katika elimu ya tiba, na shabaha yake ni wanafunzi wa Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), kampasi ya Msambweni: wanafundishwaje kazi, na wanaiweza?

Ugumu huanzia kwenye swali. Mara nyingi huja nalo likiwa pana kama bahari: je, mafunzo ya afya Kwale yana ubora? Msimamizi anayejua kazi yake hamvunji moyo. Huandika pambizoni kwa kalamu: Mafunzo yapi? Ya nani? Ubora utaujuaje? Rasimu hurudi, ikaandikwa upya, ikarudi tena. (Wapo wasimamizi wanaokalia rasimu mpaka mwenyewe akasahau alichoandika, hao siwasifu.) Mwishowe swali hunywea likawa hili: mwanafunzi anayelieleza vizuri yai la kichocho darasani, anaweza kulipata mwenyewe kwenye darubini?

Sasa pana kazi ya kumtazama mwanafunzi akiifanya. Mkojo ukusanywe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Mililita 10 zichujwe, kichujio kiwekwe kwenye kioo, kisha jicho litafute yai lenye mwiba nchani. Mtihani wa karatasi hauoni mkono unaobabaika kwenye skrubu ya darubini. Ndiyo sababu Ronald Harden na wenzake kule Dundee walibuni, mwaka 1975, mtihani wa vituo ambapo mwanafunzi hutenda huku mtahini akitazama. Mwaka 1990 naye George Miller akapanga ngazi zake nne za umahiri: kujua, kujua namna, kuonyesha, kutenda. Mgonjwa wa Msambweni hufaidika na ile ya nne.

Lakini kilichonivutia zaidi katika ufundi huu ni ridhaa. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na cha kamati ya maadili hupatikana kwa subira. Ila mtafiti akiwa ndiye mwalimu, mwanafunzi atamkatalia vipi mwalimu wake? Msimamizi makini husimama hapo hapo: fomu ya ridhaa ipelekwe na mtu mwingine, asiye na alama za kumpa wala kumnyima, na anayekataa asijulikane. Hilo halimpi mtu sifa siku ya utetezi, lakini bila hilo majibu yote ni ya kumfurahisha mkubwa.

Tasnifu ikishapita, basi, isiishie kwenye rafu ya chuo kikuu. Nakala ipelekwe Msambweni, na mwandishi aende mwenyewe kuwaeleza walimu na wanafunzi alichokiona. Damu na mkojo wa Kwale vimesafiri vya kutosha. Majibu nayo yarudi nyumbani.