John yupi? Ukoo wa Washington na kitabu kidogo cha mwaka 1889

Ukikuta jina moja kwenye karatasi mbili, akili inakimbilia kusema ni mtu yuleyule. Kosa hilo liliwapotosha waliotafuta asili ya George Washington kwa miaka mingi, na ndilo linalonifanya nikirudie kitabu kidogo cha Henry FitzGilbert Waters, kilichochapishwa Boston mwaka 1889. Jina lake ni refu: *An Examination of the English Ancestry of George Washington, Setting Forth the Evidence to Connect Him with the Washingtons of Sulgrave and Brington*. Swali lake ni fupi. Ndugu wawili, John na Lawrence Washington, waliotoka Uingereza na kulowea Virginia katikati ya karne ya 17, walikuwa watoto wa nani? John ndiye baba wa babu yake George.

Niseme mapema: kwa upande wa mbinu, kitabu hiki kingefaa kusomwa hata na mtu wa maabara asiyejali nasaba za watu. Lakini kina tatizo, na tatizo lenyewe linaanzia kwenye jalada.

Kosa la kizazi kimoja

Twende taratibu. Mwaka 1791 Sir Isaac Heard, ofisa mkuu wa nembo za koo jijini London, alimwandikia Rais Washington kumuuliza kuhusu asili yake. Washington alijibu Mei 1792. Alikiri kwamba jambo hilo hakuwa amelitilia maanani sana, kisha akaeleza aliyoyajua: wahamiaji walikuwa ndugu wawili, walifika Virginia mnamo 1657, wakitokea sehemu fulani ya kaskazini mwa Uingereza. Ilikuwa Lancashire, au Yorkshire, au mbali zaidi? Hakukumbuka vizuri.

Heard alikuwa na mti wa ukoo wa akina Washington wa Sulgrave, Northamptonshire. Humo akaona ndugu wawili: John na Lawrence. Majina yanalingana, nyakati zinakaribiana, basi akawaunganisha na wale wa Virginia. Ilikuwa dhana tu. Ila dhana ile iliingia vitabuni, na kila aliyeinakili aliipunguzia "huenda" moja, mpaka ikasomwa kama ukweli.

Mwaka 1866 Joseph Lemuel Chester, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, akaiangusha. Alichokifanya ni kile tunachofundishwa darasani kila siku: jiulize ni kitu gani kikionekana kitaibomoa dhana yako, kisha nenda ukakitafute. Chester alifuatilia maisha ya ndugu wale wa Sulgrave. John alipewa cheo cha "Sir" na akabaki Uingereza. Lawrence akawa kasisi wa parokia ya Purleigh, Essex. Hati za Virginia hazimwiti John "Sir", wala hazimwiti Lawrence kasisi. Kwa hiyo hawa ni wajina tu.

Chester alifunga njia moja bila kufungua nyingine, na watu wengi huona kazi ya namna hiyo haina faida. Mimi naona ni nusu ya kazi yote. Bila yeye, Waters asingekuwa na sababu ya kutafuta upya.

Mjane wa Tring

Waters alikwenda London mwaka 1883 kupekua hati za wosia na mirathi kwa niaba ya chama cha nasaba cha New England. Kilichompa jibu ni karatasi za mjane mmoja, Amphillis Washington, aliyezikwa Tring, Hertfordshire, mwanzoni mwa 1655. Februari 1656 usimamizi wa mirathi yake ulikabidhiwa kwa mwanawe mkubwa, jina lake John.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Wakati ule mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, si tarehe 1 Januari. Hati iliyoandikwa "Februari 1655" kwetu sisi ni Februari 1656. Usipojua hilo unaweza kumfanya mtu afe kabla ya kuzaliwa, na miti mingi ya ukoo iliyoko kwenye intaneti imejaa maajabu ya aina hiyo.

Karatasi ya Amphillis peke yake haitoshi, kwa sababu akina John Washington walikuwa wengi. Nguvu ya hoja inatoka kwenye kundi zima la majina. Kitabu cha ubatizo cha Tring kina mtoto Lawrence, mwana wa Lawrence Washington, aliyebatizwa 1635. Wosia wa Andrew Knowling, baba wa kambo wa Amphillis, unamwachia Lawrence huyo, mtoto wake wa ubatizo, sehemu kubwa ya mali, na unawataja ndugu zake: John, William, Elizabeth, Margaret na Martha.

Sasa vuka bahari. Wosia wa John wa Virginia, wa mwaka 1675, unamtaja dada yake Martha. Martha mwenyewe aliandika wosia wake Virginia mwaka 1697, naye akawataja dada zake waliobaki Uingereza: Elizabeth na Margaret.

Unaona tofauti na kazi ya Heard? Yeye alilinganisha majina mawili. Hapa tunalinganisha ndugu watano na uhusiano wao: John, Lawrence, Martha, Elizabeth, Margaret. Tufanye hesabu ya kuchezea. Tuseme kila jina linapatikana katika familia moja kati ya kumi. Majina mawili kukutana kwa bahati ni nafasi 1 kati ya 100. Majina matano ni 1 kati ya 100,000. Lakini tahadhari: hesabu hiyo inadhani kila jina linajitegemea, na majina ya ukoo hayajitegemei hata kidogo. Mabinamu hurithishwa majina ya babu na bibi walewale. Ndiyo maana orodha ya majina haitoshi mpaka uongeze mahali, tarehe, na hasa nani alimpa nani mali. Mtu haachi urithi kwa wajina wake asiyemjua.

Na mume wa Amphillis ni nani? Ni yule kasisi wa Purleigh. Yaani yule Lawrence ambaye Heard alimfanya mhamiaji, na Chester akathibitisha hakuhama, ndiye baba wa wahamiaji! Heard alikuwa amepata nyumba sahihi, akakosea kizazi kimoja.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimwamini Waters. Kasisi huyo alifukuzwa parokiani mwaka 1643, wakati wa vita kati ya Mfalme na Bunge, akishutumiwa na Wapuritani kwamba anashinda vilabuni akinywa. Huenda ilikuwa chuki ya kisiasa, lakini kwa msomaji wa Boston wa 1889, babu wa taifa kuitwa mlevi si habari ya kupendeza. Waters hakumtafutia Rais babu mwingine msafi. Mlinganishe na Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi New York miongo michache baadaye, ambaye aliwauzia matajiri wa Marekani miti ya ukoo yenye hati za kubuni. Ya Anjou iling'aa, ikaishia kwa wafalme na mashujaa. Ya Waters inaishia kwenye mirathi ya mjane.

Wazee walikumbuka nini?

Itakuwa rahisi kusema kwamba hati zimeyashinda masimulizi. George alisema kaskazini. Tring na Purleigh ziko kusini. Ila usifunge faili bado. Lawrence Washington aliyenunua Sulgrave mwaka 1539, baada ya mali za watawa kutaifishwa na Mfalme Henry wa Nane, asili yake ni Warton, Lancashire. Inawezekana kabisa familia ilihifadhi kumbukumbu ya kweli ya kuhama kutoka kaskazini, ikaibandika kwenye safari isiyo yake. Masimulizi ya nyumbani hufanya hivyo: huruka vizazi na kuunganisha safari mbili ziwe moja. Mtafiti mzuri hayameki wala hayatupi. Anauliza yanazungumzia kizazi kipi.

Mmoja kati ya 128

Sasa tatizo nililolitaja. Soma tena jina la kitabu: kuweka wazi ushahidi wa *kumuunganisha* Washington na Sulgrave. Mwisho wa safari umetajwa kabla ya safari kuanza. Waters aliitembea njia kwa uaminifu, lakini nani aliamua kwamba Sulgrave ndiko kwa kwenda?

Hesabu vizazi. Kutoka George hadi yule mnunuzi wa Sulgrave ni hatua saba. Kila hatua nafasi za wazazi zinaongezeka mara mbili, kwa hiyo katika kizazi hicho George ana nafasi 128 za mababu na mabibi. Mnunuzi wa Sulgrave ni mmoja tu. Kwa wastani, mchango wake kwenye vinasaba vya George ni chini ya asilimia 1, na kwa kuwa vinasaba hukatwakatwa na kuchanganywa kila kizazi, babu wa mbali namna hiyo anaweza kuwa amechangia kidogo mno. Mama yake George, Mary Ball, alimpa nusu ya vinasaba vyake, lakini jalada la kitabu halina nafasi kwa ukoo wa mama. Nyumba ya Sulgrave ilikuja kununuliwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 1921. Fedha na heshima hufuata jina, na jina lilifuata wanaume.

Kitu kimoja kinachofuata njia ileile ya jina ni kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika. George hakuacha watoto, ila mwaka 2024 wanasayansi walichapisha utafiti wa mabaki ya jamaa zake, wazao wa mdogo wake Samuel, na kutokana nao wakakadiria kromosomu Y ya George. Ni kazi nzuri. Hata hivyo kromosomu Y ya John na ya ndugu yake Lawrence ni ileile kwa vitendo. Haiwezi kukwambia nani kati yao aliandika wosia gani. Kwa swali la "John yupi?", karatasi ya Tring bado inaishinda maabara.

Asiye na wosia

Angalia sasa ni watu gani wenye karatasi. Kila kiungo cha Waters ni mali: mirathi, wosia, ardhi. Virginia ya wakati wa John ilitoa ekari 50 kwa kila mtu uliyemlipia nauli ya kuja. Wengi wa watu hao wamebaki jina tu kwenye hati ya ardhi ya mtu mwingine.

Na walikuwepo ambao wao wenyewe walihesabiwa kama mali. Mwaka 1799 George Washington aliandika orodha ya watumwa wa Mount Vernon: watu 317, kwa majina, kazi zao, na mara nyingi nani ni mke au mume wa nani. Wengi hawana jina la ukoo. Wosia wake uliwaachia huru waliokuwa wake, lakini zaidi ya nusu ya waliomo kwenye orodha hawakuwa wake kisheria, na wale wa urithi wa mume wa kwanza wa Martha, mke wa George, waligawanywa kwa wajukuu wa Martha. Ndoa zikakatwa katikati. Sensa za 1850 na 1860 zilihesabu watumwa kwa umri, jinsia na rangi, kwa kawaida bila majina. Kwa Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kumwandika bibi au babu yao kwa jina. Nyuma ya hapo kuna ukuta.

Simlaumu Waters kwa ukuta huo. Ninachosema ni kwamba mbinu yake inaweza kuuvuka. Usitafute jina moja. Tafuta kundi: nani aliishi na nani, nani aliitwa kwa jina la shangazi yake, wote wakaonekana tena katika hati ya mrithi yupi. Watafiti wa nasaba za waliokuwa watumwa wanafanya kazi hivyohivyo leo, kwa hati chache zaidi na kwa uvumilivu mkubwa kuliko wa Waters. Orodha ya 1799 ina kila kitu kinachohitajika kuanzia. Ningependa kusoma kitabu kinachoitendea haki kwa ukali uleule ambao Amphillis wa Tring alitendewa mwaka 1889, na jalada lake lisitaje mapema kitakapoishia.