Bahasha ya Mkono: Pambo au Amana?

Ndugu msomaji, kila chombo kina kazi yake, na chombo husifiwa kwa kazi yake kabla ya kusifiwa kwa sura yake. Mtungi husifiwa kwa kutovuja na kwa kuyapoza maji, kisha ndipo tukatazama nakshi zake. Leo twataka kuipima kwa mizani hiyo bahasha inayotengenezwa kwa mkono majumbani, kwa karatasi za maua na kwa karatasi zilizokwisha kutumika. Mabinti huikata kwa ajili ya kadi za harusi, kina mama huikunja kwa mkono wa Idi wa watoto, na wako walioifanya biashara ndogo ya kuwapatia riziki. Ni kazi njema. Lakini jambo jema lisipokosolewa huharibika polepole, na anayelipenda ndiye anayepaswa kulikosoa.

Tuanze na asili yake. Karatasi yenyewe ni mtoto wa matambara. Mafundi wa Samarkand na Baghdad, tangu karne ya 8, walichukua vitambaa vikuukuu vya kitani na kamba chakavu, wakavirowesha na kuviponda hata vikawa uji, wakauchuja uji ule juu ya wavu na kuukausha. Anayedhani kuwa kutumia tena kitu kikuukuu ni dalili ya ufukara, na ajue kuwa vitabu vingi vya elimu vya zama hizo viliandikwa juu ya nguo chakavu za watu.

Ama bahasha, hiyo haina umri mkubwa. Zamani aghlabu waraka ulikunjwa wenyewe, ukazibwa, na jina la mwenye kupelekewa likaandikwa kwa nje. Huko Uingereza posta ilikuwa ikitoza kwa hesabu ya karatasi na umbali wa safari, hata anayeongeza karatasi ya kufunikia alilipishwa kama aliyetuma karatasi mbili. Mwaka 1840 malipo yakageuzwa yakawa kwa uzito, na bahasha zikaenea. Mwaka 1845 Edwin Hill na Warren De la Rue walipata hataza ya mashine ya kuzikunja.

Lakini haja ya kuusitiri waraka ni kongwe kuliko bahasha. Katika Surat an-Naml, Malkia wa Sabaa aliuita waraka wa Nabii Sulaiman kuwa ni mtukufu, na wako wafasiri waliosema kuwa utukufu huo ni kule kutiwa muhuri. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kuwa hawausomi waraka usio na muhuri, naye akafanyiza pete ya fedha iliyochorwa jina lake. Tazama basi, heshima ya waraka ilitokana na kufungwa kwake.

Sasa zingatia mfano mmoja kutoka mbali. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, majimbo ya kusini yalikumbwa na uhaba wa karatasi. Hatuwasifu kwa vita vyao, kwani walikuwa wakiutetea utumwa. Twatazama kazi ya mikono tu. Watu wa huko walikata bahasha katika kurasa za madaftari ya hesabu na katika ramani, na bahasha zilizokwisha kutumika wakazibandua na kuzigeuza ndani nje ili zisafiri mara ya pili. Wengine walikata zile karatasi za maua zinazobandikwa ukutani. Na hapa ndipo penye somo: aghlabu maua waliyaweka ndani, na upande mtupu ukakaa nje ili jina na mahali visomeke. Mwenye kupokea alilisoma jina lake kwanza, kisha akaifungua akakuta bustani. Hakuna aliyewafundisha uzuri huo. Waliipa kazi ya chombo haki yake, na uzuri ukaja wenyewe.

Hebu uipime kwa mfano huo bahasha yetu ya leo. Aibu yake ya kwanza ni kuwa maua yote yako nje. Mtengenezaji huchagua karatasi yenye rangi nzito na picha zilizosongamana, kisha huandika jina juu yake kwa wino usioonekana. Mpeleka kadi akasimama mlangoni akiigeuza mara mbili tatu, na mwaliko wa nyumba hii ukaingia nyumba ile. Mafundi wa Kituruki wa karatasi ya ebru, ile ambayo rangi huelezwa juu ya maji mazito kisha karatasi ikalazwa juu yake, waliliona jambo hili zamani. Karatasi waliyokusudia kuandikwa khati waliitia rangi hafifu, ili pambo lisipigane na neno. Basi weka maua ndani, au bandika kipande cheupe kwa mbele. Uzuri hautapungua.

Aibu ya pili ni wembamba. Kurasa za majarida zavutia macho, lakini ukiinua bahasha yake kwenye taa waweza kuhesabu noti zilizomo. Mtu ametoa rambirambi kwa siri, na karatasi imeitangaza! Tia karatasi nyingine kwa ndani. Kisha ijaribu karatasi kabla ya kuikata: ikunje kidogo kwa urefu na kwa upana, utaona upande mmoja unakubali na mwingine unakaidi. Mkunjo mrefu ufuate upande unaokubali, usije ukapasuka. Na kipimo usikibuni: karatasi ya A4 ikikunjwa mara mbili yatosha katika bahasha ya milimita 114 kwa 162.

Aibu ya tatu ndiyo kubwa. Karatasi iliyotumika huenda ina maneno, na maneno yana wenyewe. Zile kalenda za ukutani zenye aya kwa khati nzuri hukatwa, mwaka ukisha, zikawa pambo la bahasha. Mkataji aona dhahabu na mizunguko ya khati. Bahasha ile, baada ya kutolewa kadi, yenda wapi? Yenda jaani, na jina la Mwenyezi Mungu limo ndani yake. Wanavyuoni wametaja njia za kuzihifadhi karatasi hizo: kuzizika mahali pasipokanyagwa, au kuzichoma kwa kusudi la kuzihifadhi na udhalilifu. Hawakutaja mkasi na gundi. Kadhalika karatasi za maofisini na za hospitali, zenye maradhi ya fulani na madeni ya fulani. Qurani imetukataza kupeleleza siri za watu. Je, tuzipeleke wenyewe nyumba kwa nyumba, zikiwa zimekunjwa vizuri?

Aibu ya nne ni israfu. Kazi hii sifa yake ni kuokoa kilichokuwa kitupwe. Lakini wako wanaonunua karatasi mpya ya ghali, wakaongeza utepe na vimetameta, hata bahasha ikashinda kwa thamani kadi iliyomo. Hiyo haikuokoa kitu, nayo itatupwa usiku ule ule wa harusi. Na jirani asiyeweza huona haya kualika kwa bahasha ya kawaida. Hapo pambo limekuwa mzigo juu ya mtu mwingine.

Hatusemi haya kwa kuwavunja moyo mabinti wenye mikono hodari. Mwenyezi Mungu ni mzuri naye apenda uzuri. Twasema ili kazi yao idumu. Ewe mama, binti yako akikuletea bahasha yake ya kwanza, usimwambie tu kuwa ni nzuri. Isome jina, iinulie taa, itazame karatasi yake ilikuwa nini jana, na umuulize imegharimu kiasi gani. Ikifaulu hayo manne, ndipo umsifu, na sifa hiyo atajua kuwa ni ya kweli.

Wabillahi tawfiq.