Msako Uliofutwa Eastleigh

Kosa la filamu ya Eye in the Sky haliko kwenye kombora linaloangushwa mwishoni. Liko kabla ya hapo, pale washukiwa wa ugaidi wanapoondoka Parklands, Nairobi, kwa gari na kuhamia mtaa wa Eastleigh, na msako unafutwa. Kikosi maalumu cha Kenya kilikuwa kimeshajipanga, kinangoja tu amri ya kukamata. Gari linafika Eastleigh, tunaambiwa huko hakuingiliki: mtaa uko mikononi mwa Al-Shabaab, ukipeleka askari damu itamwagika. Filamu nzima, hadi dakika ya mwisho, imejengwa juu ya uamuzi huo mmoja, na uamuzi huo ni uongo.

Eastleigh gani hiyo? Moi Air Base, kambi ya Jeshi la Anga, iko Eastleigh hapohapo. Kituo cha polisi cha Pangani kiko jirani. First Avenue watu wanasukumana wakinunua nguo na simu tangu asubuhi. Mwongozaji Gavin Hood ametuwekea pikapu zenye bunduki kubwa mgongoni na wanaume wenye silaha wanaokaripia wanawake kwa mavazi. Hiyo ni Mogadishu ya mwaka 2009, imebandikwa jina la Nairobi.

Ukiangalia tarehe ndipo unapokasirika zaidi. Mwisho wa Machi 2014 milipuko iliua watu 6 Eastleigh, na Aprili serikali ikaanzisha msako uliopewa jina la Usalama Watch. Polisi waliingia nyumba kwa nyumba, wakazoa watu wapatao 4,000, wengi wakafungiwa uwanjani Kasarani. Hongo na unyama wa msako ule wakazi hawajausahau, wala mimi sijausamehe. Lakini hakuna mlango wa Eastleigh uliowashinda polisi. Filamu ilianza kupigwa Septemba mwaka huohuo, Afrika Kusini, miezi mitano tu baadaye. Kilio cha Eastleigh hakijawahi kuwa kwamba polisi hawafiki. Ni kwamba wanafika mno.

Hapa Sydenham, Durban, ninakoishi, watu wanajua vizuri polisi wanavyopanda kwenye vibanda vya Kennedy Road. Hata hivyo majirani walioiona filamu hii kwenye televisheni huniuliza kama kweli Nairobi ina mtaa ambao serikali haiwezi kuukanyaga. Hapo ndipo kosa la mtunzi linapogeuka madhara kwa watu halisi, kwa sababu mtaa ukishaaminika kuwa ngome ya adui, kuudondoshea kombora kunaanza kuonekana ni jambo la busara.

Sasa tuuchambue msako wenyewe kama kazi. Kamera yenye umbo la mbawakawa, inayoendeshwa na mpelelezi Jama Farah, imeshaingia ndani ya nyumba. Kanali Powell, anayeongoza operesheni kutoka Uingereza, anaziona fulana za mabomu, anaona nani yuko chumba gani. Makamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi wa Kenya, wangetoa chochote kupata picha kama hiyo. Katika shambulio la jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, hali ilikuwa ya vurugu kiasi kwamba Recce walimpoteza kamanda wao kwa risasi za wanajeshi wa upande wao wenyewe. Powell ana macho ndani ya nyumba, ana kikosi ndani ya jiji hilohilo, na mwandishi anamnyang'anya kikosi kwa sentensi moja.

Najua jibu la watetezi wa filamu: fulana. Askari akivunja mlango, washukiwa wanajilipua. Hatari hiyo ni ya kweli, na ina historia. Leganés, karibu na Madrid, tarehe 3 Aprili 2004, polisi wa Hispania waliizingira fleti ya watuhumiwa wa mabomu ya treni. Kwanza waliwatoa majirani, ndipo wakaikaribia fleti. Watuhumiwa 7 walijilipua, na askari mmoja wa kikosi cha GEO akafa. Alikuwa askari aliyeijua kazi yake. Majirani waliokolewa na kule kuzingirwa kwa jengo.

Na majirani ndio kiini cha filamu hii, maana yupo mtoto Alia na meza yake ya kuuzia mikate nje ya ukuta wa nyumba. Mwandishi mwenyewe anaijua dawa: Jama anajaribu kuinunua mikate yote ili mtoto arudi nyumbani. Lakini anatumwa peke yake, anatambuliwa, anakimbizwa, na mtoto anaiokota mikate na kuipanga upya mezani. Askari kanzu wawili, mmoja mama wa makamo mwenye kikapu, wangeimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Kuwaondoa wapita njia kimyakimya ni hatua ya kwanza ya kuzingira nyumba, na imefutwa pamoja na msako.

Mazuri yapo: Barkhad Abdi anamwigiza Jama vizuri sana, na mabishano ya London kuhusu nani atoe ruhusa ni makali na ya kuaminika.

Lakini kazi ya kuonyesha msako wenyewe, Gillo Pontecorvo aliifanya vizuri zaidi mwaka 1966. The Battle of Algiers ilipigwa ndani ya Casbah yenyewe, na Saadi Yacef, aliyeongoza mapambano ya Algiers yenyewe, akiwa mtayarishaji na mwigizaji. Wanajeshi wanapomzingira mpiganaji Ali la Pointe, aliyejificha nyuma ya ukuta, tunaona ngazi, tunaona wakazi wakitolewa vyumbani, tunasikia onyo la mwisho. Unaweza kuwachukia wanajeshi wale na bado ukaelewa kila hatua waliyopiga. Hata Nairobi Half Life ya 2012, kwa fedha kidogo tu, inajua kwamba jijini Nairobi mtu anayetisha mara nyingi ni polisi aliyekwisha kuingia ndani, na mwisho wa genge la wezi la Oti unaumiza kwa sababu hiyo.

Kinachonisikitisha zaidi katika Eye in the Sky ni Meja Moses Owiti, kamanda wa kikosi cha Kenya. Vusi Kunene, anayemwigiza, ni mwigizaji mzito, na hapa amepewa kiti na kazi ya kupokea na kupitisha maagizo. Jiji ni la Owiti, askari ni wake. London wanabishana, Washington wanaulizwa, waziri anapigiwa simu akiwa safarini, na hakuna anayemuuliza meja kama vijana wake wanaweza kuzingira nyumba moja Eastleigh. Kutoka Parklands ni kilomita chache tu, kupitia Pangani.