Chumvi kwenye chupa: nahakiki makala niliyolipwa kuiandika

Humu tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthiliya. Leo naomba mnivumilie, nataka kuhakiki kitu ambacho hakuna mtu anakiita fasihi: ile makala ya "Njia 7 za kuhifadhi mahindi" unayoikuta kwenye tovuti ya duka la pembejeo. Naijua vizuri kwa sababu mwandishi wake ni mimi.

Biashara yake iko hivi. Mwenye duka anataka mtu akiuliza swali Google, jibu limlete kwake. Anamlipa mwandishi, mwandishi anajibu swali bure, na chini kabisa panakaa neno "nunua hapa". Sioni dhambi hapo. Mbinu yenyewe ni kongwe kuliko intaneti: John Deere wa Marekani walianza kutoa jarida la wakulima, The Furrow, mwaka 1895, na ndugu wa Michelin kule Ufaransa wakagawa kitabu cha mwongozo kwa madereva mwaka 1900. Dereva akisafiri sana, tairi linaisha. Kila mtu anapata chake.

Na wanafasihi tusijione tuko juu ya kazi hii. Muhammad Said Abdulla, yule aliyetupa Bwana Msa, alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima kule Zanzibar kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968. Mkulima halikuwa tangazo la duka, lakini kazi ni ileile: kumwandikia mtu usiyemwona jambo ambalo kesho ataamka kulifanya kwa mikono yake.

Hapo ndipo makala hizi zinapoachana na riwaya. Msimulizi wa hadithi ya upelelezi anaruhusiwa kutuficha jambo, tena tunamshukuru. Msimulizi wa makala ya maelekezo akificha, hasara inaenda kwa msomaji.

Sasa nije kwenye makala yangu. Njia sita za kwanza nimezipa sentensi moja moja. Ya saba, mifuko isiyopitisha hewa, imepata aya tano. Hata mtoto wa darasa la nne angejua duka linauza nini. Lakini kasoro kubwa ni sentensi hii: "Hakikisha mahindi yamekauka vizuri." Jamani, vizuri ndiyo nini? Sentensi imekaa kama msaada na haisaidii chochote. Kila mkulima anaamini mahindi yake yamekauka vizuri.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na maelezo. Chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kidogo na mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikibaki imetulia chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Na kwa mifuko hiyo bora uendelee kuanika hadi 13 na kitu. Sababu ni rahisi: mfuko unaua dumuzi kwa kuwanyima hewa, lakini kubana kulekule kunafungia na unyevu ndani. Niliongeza pia kwamba mwenye magunia mawili yatakayoliwa ndani ya miezi miwili hana haja ya kununua mfuko.

Mwenye duka akasema makala ndefu, mteja atachoka. Akafuta aya ya chupa na sentensi ya miezi miwili. Sikubisha. Nikapokea hela yangu.

Shangazi yangu anaishi Mamboya, Kilosa. Mamboya maandishi si mageni: mmisionari J. T. Last, aliyekaa hapo, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Enzi zile maneno yalitoka Mamboya yakaenda kusomwa London. Siku hizi mtu anaandika Dar, binamu yangu anamsomea mama yake kwenye simu, jikoni. Mwaka ule mvua zilichelewa kukata. Shangazi akanunua mifuko miwili, akajaza, akafunga kama nilivyoelekeza.

Alipofungua akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ile mifuko yako, mahindi yananuka kuvu. Mimi nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Alifuata kila neno nililoandika. Nikamwambia asile, asiwape kuku, wala asipeleke mashineni, maana sumukuvu haionekani kwa macho na haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Sasa tutakula nini mpaka mavuno?" Nilimtumia hela ya mahindi mengine. Sijui wasomaji wengine wangapi walifunga mifuko yao vilevile, na hao siwezi kuwatumia.

Kwa hiyo kipimo changu cha makala hizi kimebadilika. Zamani nilikuwa naangalia lugha, mtiririko, kichwa cha habari. Siku hizi natafuta kwanza sentensi inayomgharimu muuzaji: "subiri", "si lazima ununue", "hii haikufai". Nisipoiona hata moja, najua nasoma tangazo, hata liwe na njia 20. Nikiiona, naanza kuamini na zile nyingine.

Nilirudi kwa mwenye duka nikamweleza yaliyotokea. Aya ya chupa ameirudisha, tena ameiweka juu. Sentensi ya miezi miwili amekataa. Makala imekuwa bora, haijawa ya kweli yote, na jina langu bado liko pale chini.

Shangazi ana chupa ya soda dirishani, imeoshwa na kukaushwa, inasubiri mavuno.